Mlipa Kodi Asiyehesabiwa

Mche wa sabuni unaouzwa katika soko la Koboko huwa umeshalipiwa kodi kabla haujafika mkononi mwa mnunuzi. Kiwanda kilichoutengeneza kiliongeza juu ya bei yake asilimia 18 ya kodi ya ongezeko la thamani. Lori lililoupandisha kaskazini lilichoma dizeli, na tangu Julai 2024 kila lita ya dizeli nchini Uganda imebeba ushuru wa shilingi 1,230, yaani shilingi 100 zaidi ya ilivyokuwa. Kampala hadi Arua ni karibu kilomita 500, na Koboko iko mbele ya hapo, kwenye barabara inayoishia Oraba mpakani na Sudan Kusini. Kwa hiyo ushuru wa mafuta umo ndani ya sabuni, chumvi, misumari na madaftari ya shule kwa kipimo kikubwa kuliko kule mzigo ulikotoka. Mwenye duka naye hajasajiliwa kwa kodi ya ongezeko la thamani, maana sheria humlazimu tu yule ambaye mauzo yake yanapita shilingi milioni 150 kwa mwaka. Hana pa kudai kodi aliyolipa alipochukua mzigo, basi huiacha yote ndani ya bei. Mama anayeinunua sabuni hiyo haoni kodi hata moja kwenye karatasi, na jina lake halimo katika daftari la Mamlaka ya Mapato. Ukimwuliza kama yeye ni mlipa kodi, huenda akakuambia hapana, na wenye kupanga bajeti hawatambishia.

Jibu hilo ndilo chimbuko la kosa kubwa katika ubishi wetu kuhusu kodi, matumizi ya serikali na pengo kati ya wenye nacho na wasio nacho. Tunabishana kama vile swali ni nani alipe zaidi na nani apewe zaidi, huku tukiwa tumekwisha kukubaliana kimyakimya kwamba watu wa kawaida wa Arua na Koboko hawachangii. Ninachodai ni kwamba wanachangia, tena kwa kiwango kinachowaumiza kuliko matajiri, na kwamba kutohesabiwa kwao ndiko kunakowanyima sauti juu ya fedha inakokwenda. Mtu anayelipa bila risiti hugeuzwa mwombaji mbele ya fedha yake mwenyewe.

Tazama jinsi hesabu yenyewe inavyoandikwa. Kodi huingizwa kitabuni pale ilipopokewa, haiandikwi pale ilipotoka. Ushuru wa mafuta hulipwa na kampuni zinazoyaingiza nchini. Kodi ya sabuni hulipwa na kiwanda. Bidhaa zilizopita bandari ya Mombasa hulipiwa na mwagizaji, ambaye mara nyingi ana ofisi yake Kampala. Mwisho wa mwaka Kampala na vituo vichache vya forodha vinaonekana kulibeba taifa zima mgongoni, na wilaya za pembezoni zinaonekana kama watoto wanaosubiri kulishwa. Mfuko uliotoa fedha ni wa Koboko, lakini kitabu kilichoandikwa ni cha Nakawa, makao makuu ya Mamlaka ya Mapato. Mtu akisimama na kusema kwamba West Nile, yaani Arua, Koboko na jirani zao, inakula isichokitafuta, anasoma kitabu hicho kana kwamba kinaonyesha jasho la nani, kumbe kinaonyesha tu dirisha ambalo fedha ilipitia.

Uhusiano wa eneo hili na kodi una historia ndefu na chungu. Lado, kama eneo hili lilivyoitwa wakati wa Mfalme Leopold wa Ubelgiji, lilirudishwa Sudan mwaka 1910, na mwaka 1914 sehemu yake ya kusini, hii tunayoiita West Nile, ikahamishiwa Uganda. Arua ikaanzishwa kama kituo cha utawala. Serikali ya kikoloni ilidai kodi ya kichwa kwa fedha taslimu katika nchi ambayo haikuwa na zao la kuuza. Mwanamume aliyetaka kulipa alilazimika kusafiri hadi mashamba ya miwa ya Kakira na Lugazi, au kujiandikisha jeshini. Tumbaku ilikuja baadaye. Kwa miaka mingi West Nile ilikuwa ghala la vibarua na askari, na kodi ndiyo iliyokuwa kamba ya kuwavutia huko. Mtu alilipa kwa mwili wake ili kustawisha uchumi wa mahali pengine. Anayeshangaa kwa nini neno kodi linapokewa kwa uso uliokunjwa huku kaskazini aanzie hapo.

Baada ya uhuru kodi ya kichwa iliendelea kwa viwango vilivyopanda kulingana na mali ya mtu. Kila mwanamume mzima alipaswa kuwa na tiketi ya kodi, na asiyekuwa nayo aliviziwa alfajiri, akafungwa kamba, akapelekwa kwa chifu wa kaunti ndogo. Ilikuwa kodi ya kudhalilisha, na sina hamu hata kidogo ya kuirudisha. Serikali ilipoisimamisha mwaka 2005, miezi michache kabla ya uchaguzi wa 2006, watu walishangilia, nao walikuwa na haki. Lakini pamoja na udhalilishaji ule kuna jambo jingine lililoondoka. Ile tiketi ilikuwa ushahidi. Aliyekuwa nayo aliweza kwenda kwenye baraza la wilaya na kuuliza: fedha yangu iko wapi? Baraza lilipopoteza chanzo hicho likabaki likisubiri ruzuku za Hazina, na diwani ambaye jana aliogopa mlipa kodi wake leo anamwogopa afisa wa wizara.

Kilichowekwa mahali pa kodi ya kichwa kinaonyesha upande ambao mizani imeelemea. Mwaka 2008 ilikuja kodi ya huduma za mitaa, inayotozwa hasa wenye mishahara. Anayepata zaidi ya shilingi laki moja kwa mwezi huanza kwa kulipa 5,000 kwa mwaka. Anayepita milioni moja hulipa laki moja, na hapo ngazi inakwisha. Mwenye mshahara wa milioni moja na kidogo na mwenye mshahara wa milioni thelathini wanaliachia baraza lao kiasi kilekile. Kodi ya majengo nayo haimgusi mtu anayeishi katika nyumba yake mwenyewe, hata iwe ghorofa tatu yenye ukuta wa mawe, wakati mama aliyetandika nyanya zake chini sokoni hulipa ushuru kila siku anapofika, auze asiuze. Sheria ndivyo inavyosema. Mama wa nyanya amefikiwa kwa kuwa ni rahisi kumfikia.

Mwaka 2018 kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu kodi ilijitokeza mchana kweupe. Tarehe 1 Julai Waganda walianza kutozwa shilingi 200 kwa siku ili watumie mitandao ya kijamii, na asilimia moja ya fedha yoyote wanayoweka, kutuma, kupokea au kutoa kwa simu. Rais Museveni alikuwa ameitetea hatua ya kwanza kwa kusema mitandao hiyo huendeleza lugambo, yaani umbeya. Kwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Muni na kwa mchuuzi wa Arua anayewasiliana na wateja wake wa Ariwara ng'ambo ya mpaka, haukuwa umbeya, ilikuwa kazi. Ile ya pesa za simu iliuma zaidi, kwa sababu ilikatwa kwenye fedha yenyewe. Anayetoa milioni moja kwenye mashine ya benki hakatwi ushuru juu ya hiyo milioni, ila juu ya ada ya benki tu. Anayepokea laki moja kutoka kwa mwanawe aliye Kampala, akaenda kuitoa kwa wakala katika kijiji kisicho na benki, hukatwa juu ya ile laki, na ada nayo ina ushuru wake. Baada ya kelele nyingi kiwango kilishushwa mwaka huohuo kikawa nusu asilimia ya fedha inayotolewa, na hapo kimekaa hadi leo. Ushuru wa mitandao uliondolewa mwaka 2021, ukafuatwa na asilimia 12 juu ya bando za intaneti. Kodi ikarudi mafichoni ndani ya bei.

Wiki sita baada ya kodi hizo za 2018 kuanza, Arua ikawa kitovu cha siasa za nchi. Mbunge wake, Ibrahim Abiriga, alikuwa ameuawa kwa risasi Juni 2018, na uchaguzi mdogo ukapangwa tarehe 15 Agosti. Siku mbili kabla ya kura kulizuka vurugu. Yasin Kawuma, dereva wa mwanamuziki na mbunge Bobi Wine, akapigwa risasi akafa, na wabunge kadhaa wakakamatwa pamoja na mgombea Kassiano Wadri. Wadri alishinda akiwa kizuizini. Siwezi kusema kwamba kodi peke yake ndiyo iliyompa kura. Arua ina malalamiko yake ya miaka mingi, na damu iliyomwagika siku ile ilikuwa na uzito wake. Lakini miongoni mwa yaliyokuwa mezani majira yale ilikuwamo kodi ambayo kila mwenye simu aliiona ikikatwa mbele ya macho yake. Kodi inapoonekana, mtu hutambua kwamba analipa, na akishatambua huanza kudai. Nadhani ndiyo sababu watawala wengi hupenda kodi isiyoonekana.

Sasa tuone matumizi. Katika mwaka wa kwanza wa ushuru wa mitandao Mamlaka ya Mapato ilitarajia shilingi bilioni 284, ikapata bilioni 49.5. Miaka mitatu baada ya ushuru huo kuanza, mwaka 2021, kila mmoja wa wabunge 529 alipewa shilingi milioni 200 za kununulia gari, jumla bilioni 105.8. Ni kusema kwamba fedha zote walizokatwa wananchi kwa mwaka mzima, shilingi 200 kwa 200, zisingetosha hata nusu ya magari hayo. Na wabunge hao ni wa chombo kilekile ambacho mwaka 2016 kilipitisha sheria ya kuzitoa posho za wabunge katika kodi ya mapato. Anayetunga kodi amejiondoa katika kodi. Sioni maneno ya upole ya kulieleza jambo hilo.

Umeme unaeleza mengi kuliko magari. Bwawa la Owen Falls pale Jinja lilifunguliwa mwaka 1954. Likaja la Bujagali mwaka 2012, la Isimba mwaka 2019, na la Karuma, megawati 600, lililozinduliwa mwaka 2024. Mabwawa hayo na mikopo yake ni mzigo wa walipa kodi wote, wakiwamo wa Arua na Koboko, ambao mto uleule wa Nile unapita ubavuni mwa nchi yao. Hata hivyo gridi ya taifa ilifika West Nile mwaka 2024 tu. Kabla ya hapo eneo lote liliishi kwa mitambo ya dizeli na bwawa dogo la Nyagak huko Zombo, megawati tatu na nusu, na umeme ulikatika hadi wenye mashine za kusaga, karakana za kuchomelea na friji za samaki wakakata tamaa. Kiwanda hakijengwi mahali ambapo taa haina uhakika. Kwa miongo saba fedha ya pamoja iliwasha viwanda vya upande mmoja, halafu mapato ya viwanda hivyo yakaandikwa kuwa mchango wa upande huo. Umaskini wa eneo mara nyingi ni matokeo ya bajeti zilizopita, lakini husimuliwa kama tabia ya watu wake.

Wapo watakaosema siku hizi serikali imegeuka, inapeleka fedha hadi kijijini. Ni kweli, na ni haki kulikiri. Mpango wa Maendeleo ya Parishi, uliozinduliwa Februari 2022, umekusudia kuipa kila parishi shilingi milioni 100 kwa mwaka, na kaya inaweza kukopa milioni moja kwa riba nafuu. Ni mipango michache iliyotangulia iliyoshuka chini hivyo. Ila uangalie mgawo wenyewe: parishi zote, elfu kumi na ushei, zilipangiwa kiasi kilekile. Parishi iliyo karibu na kiwanda, lami na benki ilipangiwa milioni 100. Parishi ya mpakani yenye shule ya miti na zahanati isiyo na dawa ilipangiwa milioni 100. Kuwapa mgao sawa watu walioanza mbio wakiwa mahali tofauti ni kulinda umbali uliopo kati yao.

Watunga Katiba ya 1995 walilifahamu jambo hili kuliko wapangaji wa leo. Ibara ya 193 imetaja ruzuku za aina tatu kwa serikali za mitaa: zile zisizo na masharti, zile zenye masharti, na ruzuku ya usawazishaji, iliyowekwa kwa ajili ya wilaya zilizobaki nyuma kuliko wastani wa taifa. Hii ya tatu ndiyo silaha halisi dhidi ya pengo la maeneo, nayo imekuwa ndogo kuliko zote. Fedha nyingi hushuka zikiwa na masharti: hizi za mishahara ya walimu, hizi za dawa, hizi za barabara fulani. Baraza la Koboko linapokea, linasaini, linatoa taarifa. Uamuzi umekwisha fanyika Kampala. Na badala ya kuongeza ruzuku hiyo, jibu la kisiasa limekuwa kuongeza wilaya. Mwaka 1986 Uganda ilikuwa na wilaya 33. Leo zimepita 130. Koboko yenyewe ilizaliwa mwaka 2005 kutoka Arua, Terego ikafuata mwaka 2020, mwaka ambao Arua ilipata hadhi ya jiji. West Nile nzima sasa ina wilaya 12 na jiji moja. Kila moja ina mwenyekiti, mkuu wa utawala, magari na ofisi zake. Watu walipewa makao makuu karibu nao, na hilo lina faida yake, lakini keki haikukua. Kilichoongezeka ni visu.

Pingamizi lenye nguvu zaidi ninalolijua ni magendo. Husemwa: watu wa mpakani hawana uso wa kudai, maana wamekwepa ushuru kizazi hadi kizazi. Arua iliwahi kuwa maarufu kwa vijana waliojiita OPEC, waliouza mafuta ya magendo kutoka Kongo kwa madumu kando ya barabara. Mtafiti Mbelgiji Kristof Titeca aliandika juu yao kwa kina, akaonyesha walivyotokana na kizazi kilichorudi kutoka uhamishoni baada ya vita vilivyofuata kuanguka kwa Idi Amin, na walivyoingia katika siasa za mji huo. Magendo yapo, na hupunguza mapato, sitayafumbia macho. Lakini waliorudi wakakuta nyumba zimechomwa na ajira hakuna walishika walichokiona, na kibarua wa dumu hakuwahi kuwa tajiri wa biashara hiyo. Mzigo mkubwa hupita kwa malori, na lori halifichiki vichakani. Linahitaji mkubwa wa kulilinda. Zaidi ya hayo, magendo ya wachache hayafuti kodi inayolipwa na wengi kwenye sabuni, bando na pesa za simu. Ingekuwa hivyo, basi kila mkazi wa Kampala angenyimwa barabara kwa dhambi za waagizaji wanaodanganya thamani ya makontena.

Pingamizi jingine ni kwamba ukiwapelekea wa wilayani fedha wataila. Wataila wengine, ndiyo. Ila mwaka 2022 makamishna wanne wa Bunge waligawiana shilingi bilioni 1.7 kwa jina la tuzo ya utumishi, na nchi ikaja kujua mwaka 2024. Ulaji hauna makao wilayani. Kinachouzuia ni mtu anayejua kwamba kilicholiwa ni chake na ana njia ya kukihesabu. Na kwa wale wanaoonya kwamba kuwatoza matajiri zaidi kutafukuza mitaji, wazo langu la kwanza ni nyumba: jengo la kifahari haliwezi kukunjwa likahamishiwa Nairobi. Kuondoa msamaha kwa nyumba za thamani kubwa, na kuendeleza ngazi ya kodi ya huduma za mitaa hadi kwa wenye mishahara ya mamilioni mengi, kungewapa mabaraza mapato yao wenyewe bila kumgusa mama wa nyanya.

Kuna kundi moja zaidi ambalo halihesabiwi kabisa. Wakimbizi wa Sudan Kusini na Kongo waliosajiliwa katika makazi ya Lobule, Rhino Camp na Imvepi wanajulikana kwa idadi, na misaada hupangwa kwa idadi hiyo. Lakini maelfu wamehamia mjini Koboko na Arua, ambako wanapanga nyumba, wanasomesha watoto na kutibiwa. Nje ya Kampala, mkimbizi aliyejitafutia makazi mjini hana nafasi katika mipango ya misaada, na mgawo wa serikali hufuata idadi ya wenyeji. Darasa limejaa, kitanda cha hospitali kina wagonjwa wawili, na karatasi za Hazina zinaonyesha mji mdogo. Wao pia wananunua sabuni ileile, kwa kodi ileile.

Kila mwaka, miezi kadhaa kabla Bunge halijapitisha bajeti, ambayo kisheria lazima iwe imepita ifikapo tarehe 31 Mei, wilaya hufanya mikutano ya bajeti. Viongozi husoma kile kitakachopokelewa, wananchi hupiga makofi au huguna. Ningependa mkutano ujao wa Arua na ule wa Koboko uanze kwa karatasi moja yenye safu mbili. Safu ya kwanza: lita za mafuta zilizouzwa wilayani na ushuru wake, fedha zilizotolewa kwa mawakala wa simu na makato yake, makadirio ya kodi iliyo ndani ya bidhaa zilizonunuliwa na watu wote wanaoishi hapo, mwenyeji na mkimbizi. Kampuni za simu zinajua kila wakala alipo, na vituo vya mafuta vina leseni. Takwimu zipo kwa anayezitaka. Safu ya pili: kilichorudi, kimegawanywa kati ya kile ambacho baraza lina uhuru wa kukiamulia na kile kilichokuja kimefungwa. Karatasi hiyo isomwe kwa Kilugbara, Kikakwa na Kiswahili, halafu ndipo mjadala wa nani anamlisha nani ufunguliwe.